Kisima cha Fimbo na Vivutio Vingine vya Lipembwe

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa ishirini na mbili wa Uongozi Mpevu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, jua likiwa tayari kali na upepo wa mashariki ukiinua vumbi hadi usawa wa magoti, mji wa Lipembwe ulipata historia. Kabla ya hapo tulikuwa tukiishi tu.

Historia ililetwa na tarishi wa pikipiki ndani ya bahasha ya Wizara ya Kumbukumbu, Fahari na Vivutio. Waraka ulieleza kwamba kuanzia mwaka mpya wa fedha kila mji nchini utatakiwa kuwa na historia isiyopungua miaka mia tatu na vivutio visivyopungua vinne. Mji utakaoshindwa utashushwa hadhi uwe kijiji. Kijiji kitakachoshindwa kitashushwa kiwe pori. Waraka haukusema pori likishindwa litakuwa nini, lakini nchi yetu ina wataalamu, na naamini walikuwa wakilifanyia kazi.

Mimi, Gaudensi Mnywesha, niliteuliwa Katibu wa Kamati ya Historia na Vivutio ya mji wetu. Sijisifu nikisema nilistahili. Nilisoma Shule ya Bweni ya Wavulana ya Kilandala, ambako tulioga maji baridi kabla ya mapambazuko na kutandika vitanda kwa kipimo cha rula. Huko mvulana aliyevunja sahani hakufichwa wala hakufokewa. Alisimama mbele ya gwaride la asubuhi, ameshika vipande viganjani, mpaka kila mmoja wetu avione. Kisha basi, mambo yakaisha. Tangu nitoke Kilandala sijawahi kutembea shati likiwa nje, sijawahi kuchelewa kikao, na sijawahi kuandika sentensi isiyo na kiima.

Jina langu nalo si la kuokota. Babu yangu alipewa na mji mzima, kwa kuwa mwaka wa ukame mkuu ndiye aliyesimama kwenye kamba ya kisima akawanywesha watu. Nyumbani kwetu habari hiyo ilisimuliwa kwa sentensi hiyo moja tu, nami sikuwahi kuhisi kwamba ilihitaji ya pili.

*

Kikao cha kwanza kiliongozwa na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Butindi, mtu mpole ambaye hupiga saluti hata akipokea simu.

"Katibu, tuna nini?"

"Tuna kiplefti, Mheshimiwa."

"Kinaunganisha barabara ngapi?"

"Moja, Mheshimiwa. Gari huingia, huzunguka, na kurudi lilikotoka."

"Basi hakuna kingine kama hicho. Andika."

Nikaandika. Kivutio cha pili hakikutusumbua: Bustani ya Mawe ya Msingi. Kila waziri aliyewahi kupita Lipembwe alituwekea jiwe la msingi, na hakuna hata moja lililowahi kuharibiwa kwa kujengewa kitu juu yake. Lipo la hospitali ya rufaa, lipo la uwanja wa ndege, lipo la chuo cha uvuvi, ingawa samaki wa karibu tunayemjua sisi ni yule wa kopo. Yamepakwa chokaa, yanang'aa, na mbuzi huyapenda kwa kujikunia.

Cha tatu ni Jiwe la Mawasiliano. Hili ni jabali lililo nyuma ya soko, mahali pekee mjini ambapo mtandao wa simu hupatikana. Wananchi hupanga mstari kulipanda, na kwa kuwa mtandao ni dhaifu, kila mmoja hulazimika kupiga kelele. Kwa njia hiyo mji mzima umejua nani kaachwa, nani kakopa, na mkwe wa nani ana bawasiri. Tulikubaliana mgeni awekewe benchi chini ya jabali ili asikilize kwa utulivu.

Mgeni wa kwanza tulimpata kabla hata ya vivutio kukamilika. Ni mzungu mmoja ambaye gari lake lilikatika ekseli mbele ya kiplefti. Aliandikishwa mara moja kama mtalii, na kila alipotoka nyumba ya kulala wageni kwenda kwa fundi alipigiwa ngoma na kuvishwa shada. Katika kitabu cha maoni aliandika swali moja tu: kwa nini bombani hakuna maji? Kamati ililipokea swali hilo kama pongezi kwa uhalisia wa mji wetu.

Kikabaki kivutio cha nne, pamoja na historia yenyewe.

Mwongozo wa Wizara ulikuwa bayana. Mwanzilishi wa mji awe mrefu, awe aliona mbali, na ikiwezekana awe alitabiri serikali iliyopo madarakani. Nilifunga mlango wa ofisi nikaandika kwa siku nzima, na nilipotoka, Mtemi Lipembwe wa Kwanza alikuwa amezaliwa, ametawala na amefariki. Nilieleza jinsi alivyowafikisha watu wake hapa wakiwa na kiu, akapiga ardhi kwa fimbo, maji yakaruka, naye akasema kwa sauti kubwa kwamba siku moja atatokea kiongozi mpevu atakayeyatunza. Mahali hapo, niliandika, ndipo kilipo Kisima cha Fimbo.

Kisima kweli kipo, katikati ya mji, chenye kingo za mawe, kapi na kamba. Kilikuwa kimekauka miaka mingi, na wanawake wetu walikuwa wakichimba mchanga wa mto ili kupata cha kujaza ndoo. Nilitaja jambo hilo kwenye kikao. Niliuliza pia, kwa kuwa nimelelewa kuuliza, kama habari ya fimbo ni ya kweli.

"Katibu," akasema Mkuu wa Wilaya, "bajeti imeshapitishwa."

Kama nyongeza tuliambatisha utani wetu na watu wa Kilima cha Nang'anda, kwa sababu Wizara hupenda mambo ya asili. Anayetoka mbali aelewe: Wanang'anda ni watani wetu. Msiba ukitokea kwetu, huja bila kualikwa. Hukalia viti vya wakubwa, huchomoa nyama chunguni, humtukana marehemu na wafiwa wake, na mila hairuhusu mtani afukuzwe wala akamatwe akiwa msibani, hata na polisi. Kila mara, jeneza likishushwa, mmoja wao husimama ukingoni mwa kaburi na kupiga ukelele: "Vuteni haraka, yamefika kiunoni!" Hapo Lipembwe nzima huangua kicheko. Nami nimecheka tangu utotoni, kwa adabu, nikiwa nimefunika mdomo kwa leso.

*

Wiki moja kabla ya uzinduzi, Somoe Chikopa wa Nang'anda aliingia ofisini kwangu bila hodi. Ni mwanamke wa makamo, mshonaji wa magodoro ya sufi, mwenye sauti inayosikika hata kule kusiko na mtandao. Akakaa juu ya meza yangu.

"Mnywesha, mtumwa wangu, tai hiyo ya nini katika joto hili? Unajinyonga kwa awamu?"

"Karibu, mtani. Kiti kipo."

"Viti vyenu vina kunguni wa serikali. Hapa panatosha. Nasikia kisima mnakivika nguo."

"Kinazinduliwa."

"Kilipokuwa hai hamkukizindua, kimekufa ndiyo mnakitafutia mkasi na utepe. Haya. Leo sikuja kutania."

Sikuwahi kusikia mtani akisema maneno hayo. Niliweka kalamu chini.

"Mama yangu amechoka," akasema. "Bibi Nantende, unamjua. Alizaliwa mwaka uleule wa kisima, mamake akiwa mjane tayari. Tanga la baba yake halijaanuliwa mpaka leo, maana tanga la mtu asiyezikwa haliwezi kuanuliwa. Amezaliwa mfiwa. Hajawahi kupaka mafuta kichwani. Hajavaa rangi, ni kaniki tu. Hata mimi nilipoolewa, yeye alikaa nje ya ua akisikiliza ngoma. Sasa moyo wake umevimba, na zahanati wamemwambia arudi nyumbani akae na watu wake. Anataka kitu kimoja: aanue tanga la babake kabla watu hawajaketi kwenye la kwake. Kisima kimekauka, Mnywesha. Tupeni ruhusa tushuke tumtoe."

"Mumtoe nani?"

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyejichafua mbele ya wageni.

"Babu yangu. Chikopa. Mchimbaji."

Nilimweleza taratibu, kwa kuwa taratibu ndiyo heshima niliyokuwa nayo. Kisima sasa ni mali ya Wizara. Kushuka kunahitaji kibali cha Idara ya Vina na Vimo. Kumtoa marehemu kunahitaji cheti cha kifo, na cheti cha kifo hutolewa baada ya mwili kuonekana.

"Kwa hiyo ili tumtoe," akasema Somoe, "kwanza tumtoe."

"Kwa nakala tatu," nikasema.

Hakucheka. Alishuka mezani taratibu, akavuta kiti kile cha kunguni, akakaa kama watu wanavyokaa.

"Hujui," akasema. "Mungu wangu. Wewe kweli hujui."

"Sijui nini?"

"Mwaka wa ukame watu wenu walipanda kilimani kumwomba babu, maana ninyi mlijua kulima pamba na kusengenyana, kuchimba hamkujua. Akaja, akachimba. Siku alipoyafikia maji, ukuta wa upande ulimshukia, udongo ukamkaba miguu. Maji yakaanza kupanda. Akaita kamba. Wakamshushia ndoo."

Alisogeza kiti karibu na meza.

"Akafurahi, maskini. Alidhani wanayapunguza maji ili washuke wamfukue. Akaijaza ndoo kwa mikono yake mwenyewe. Ikapanda. Ikarudi tupu, akajaza. Akawa anawahimiza walio juu: vuteni haraka, yamefika kiunoni! Nao wakavuta haraka. Juu huko walikuwa wanakunywa, Mnywesha. Walikuwa wanasukumana wanywe. Mwishowe ndoo zikawa zinajijaza zenyewe."

Nje, juu ya Jiwe la Mawasiliano, mtu alikuwa akimpigia kelele shemeji yake kuhusu baiskeli.

"Na aliyekuwa kwenye kamba," akasema Somoe, "unalijua jina lake."

*

Mkuu wa Wilaya nilimkuta akikagua zulia jekundu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kutoa taarifa.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini, Mheshimiwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Sote tunajua, Katibu."

"Sote?"

"Ulidhani misibani tunacheka nini?"

"Utani, Mheshimiwa."

"Naam, utani. Wanatudai, sisi tunacheka, wao wanakula nyama, mwaka unapita. Tusingekuwa watani tungekuwa tumeshauana." Akapiga zulia kwa fimbo yake, vumbi likatimka. "Vijana wa hapa huambiwa jandoni. Wewe jando hukupita, ulitahiriwa kwenye hospitali ya shule ukapewa na cheti. Usijilaumu."

Hivyo ndivyo nilivyofahamu matunda ya elimu yangu. Wazazi wangu waliuza ng'ombe, nikaoga maji baridi miaka yote ile, ili nirudi nikiwa mtu pekee wa Lipembwe anayecheka bila kujua anachocheka. Wenzangu walicheka wakijua. Sijaamua hadi leo ni nani kati yetu alikuwa na haki zaidi ya kuona haya.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi ofisini nikakichana kitabu cha Mwongozo wa Mgeni, ambamo niliiweka habari ya fimbo. Nilirudi ofisini nikakisahihisha. Neno "fimbo" lilikuwa limeanza kwa herufi kubwa katika ukurasa ambao halikustahili. Kisha nikakipeleka kwa mpiga chapa.

*

Siku ya uzinduzi, boza la maji lilifika asubuhi na mapema. Ni maji ya mgawo wa zahanati, yaliyoazimwa kwa maslahi ya taifa. Mpira ulishushwa kisimani, maji yakamiminwa mpaka yakaonekana kutoka ukingoni, na mpambaji wa Wizara akatupia maua. Wanawake walikuja na ndoo zao kwa kuona boza, lakini askari aliwapanga nyuma ya kamba na kuwaelimisha kwamba maji ya kihistoria hayachotwi.

Mheshimiwa Waziri, Dakta, Profesa, Mhandisi Eliabu Rusende, alizunguka kiplefti mara moja kwa gari na mara moja kwa miguu. Aliweka jiwe la msingi la uzio wa Bustani ya Mawe ya Msingi. Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Historia haiji yenyewe. Historia huletwa na serikali. Wale wanaopita wakisema serikali hii haijafanya kitu kwa miaka mia tatu iliyopita, leo watazame kisima hiki waone aibu! Nani aliyewapa maji?"

"Serikaliii!" wakaitikia wanawake wenye ndoo tupu.

"Kwa kutumia nini?"

"Fimboo!"

Nilikuwa nimeketi safu ya pili, suti imepigwa pasi, tai imekazwa. Ndipo tukasikia kilio kutoka njia ya kilimani. Wanang'anda walikuwa wanakuja na msiba. Walibeba jeneza jipya la mbao za mninga, mkeka, sanda iliyokunjwa, majembe. Mbele alikwenda Somoe, na begani kwake alijiegemeza Bibi Nantende ndani ya kaniki, mdogo kama mtoto wa darasa la kwanza, kichwa chake kikavu na cheupe. Askari alitazama jeneza, akamtazama Mkuu wa Wilaya, akafungua njia. Kwenye msiba mtani hazuiwi.

"Nani amefariki?" Waziri akauliza.

"Ni watani wetu, Mheshimiwa," Mkuu wa Wilaya akamnong'oneza. "Ni sehemu ya vivutio. Ukurasa wa tisa."

"Ah! Utamaduni!" Waziri akapiga makofi.

Walitandika mkeka kando ya kisima. Somoe akasimama ukingoni, akatazama maua yanayoelea, na nikaona uso wake ukibadilika. Alipopiga ukelele, sauti yake ilipasuka.

"Vuteni haraka, yamefika kiunoni!"

Lipembwe ikaangua kicheko. Walicheka kwa mazoea, kama mtu anavyopiga chafya. Waziri naye alicheka mpaka miwani ikamtoka, akaomba irudiwe. Mpiga picha wa Wizara akamwomba Somoe asogee kidogo kushoto, kwenye mwanga, arudie na mikono juu.

Somoe hakurudia. Bibi Nantende alimwachia bega, akapiga magoti, akaweka mikono yote miwili juu ya mawe ya ukingo na kuinamisha kichwa chake juu ya maji. Hakupaza sauti. Lakini kicheko kilikuwa kimeanza kuchoka, nasi tulio mbele tukamsikia.

"Baba," akasema, "wamekujazia tena."

Kicheko kilikoma kutoka mbele kwenda nyuma, safu kwa safu, mpaka akabaki Waziri peke yake, kisha naye akasikia kicheko chake mwenyewe, akaacha.

"Huyu mama anasema nini?"

Nikasimama, kwa kuwa mimi ndiye Katibu, na taarifa ni kazi yangu. Nilimweleza Waziri ni nani aliyemo kisimani na kwa nini. Nilieleza kwa sentensi fupi, kila moja ikiwa na kiima chake. Ilipofika zamu ya sentensi iliyo na babu yangu, niliisema mara mbili ili isikike.

Waziri alifikiri. Lazima nikiri kwamba alifikiri kwa bidii.

"Ni habari nzito," akasema, "na ina mvuto mkubwa. Natangaza kwamba marehemu anapewa cheo cha Balozi wa Kudumu wa Kisima. Familia itapata cheti chenye fremu, na mbuzi."

"Mbuzi tunao," akasema Somoe. "Tunadai mtu."

"Dada yangu, mkimtoa kisima kitaharibika. Kisima kikiharibika vivutio vitabaki vitatu. Lipembwe itakuwa kijiji. Unataka kuwashusha hadhi ndugu zako kwa ajili ya mifupa?"

Somoe alimpa mgongo. Alitugeukia sisi. Hakututukana, na hilo ndilo lililouma. Katika maisha yangu yote sikuwahi kutazamwa na Mnang'anda bila tusi, na sikujua uso niuweke wapi.

"Alijaza ndoo za kwake," akasema. "Zilizobaki ni zenu. Yatoeni."

Hakuna aliyesogea. Nilitazama viatu vyangu; vilikuwa vimeng'arishwa vizuri. Nilimkumbuka mvulana wa Kilandala mwenye vipande vya sahani viganjani, jinsi tulivyokuwa tukipita mbele yake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba tuliompita ndio tuliokuwa na raha. Nilivua koti. Nililikunja, kwa kuwa sijui kuvua koti bila kulikunja, nikaliweka kwenye kiti. Nikaenda kisimani nikashika kamba.

"Katibu!" Mkuu wa Wilaya akaita. "Unafanya nini?"

"Natoa maji, Mheshimiwa."

"Kwa kibali cha nani?"

"Babu yangu alikuwa nacho. Nimekirithi."

Ndoo ya kwanza niliipandisha vibaya, ikagonga mawe, maji yakanilowesha suruali. Nikaimwaga chini. Ardhi yetu ina kiu. Ilinyonya hata kabla vumbi halijatulia. Nikashusha tena. Nyuma yangu palikuwa kimya, na kimya cha watu wenye ndoo tupu wanaoona maji yakimwagwa ni kizito kuliko nilivyodhani. Mwanamke mmoja alipita chini ya kamba ya askari na ndoo yake kichwani. Alikuja mpaka nilipo. Niliona midomo yake ilivyokauka, na nilijua kwamba akiomba sitakuwa na nguvu ya kumnyima. Alikinga. Nikamimina. Akaitazama ile ndoo muda mrefu, akaiinua, akayamwaga maji pale nilipomwaga yangu.

Kisha wakaja wengine. Walipanga mstari kama wanavyopanga kwenye Jiwe la Mawasiliano, wakapokezana kamba na ndoo, na hakuna aliyelamba hata vidole. Waziri alisema neno kuhusu hujuma, kisha neno kuhusu ratiba, kisha gari lake likazunguka kiplefti na kurudi lilikotoka. Mkuu wa Wilaya alibaki. Alisimama kando akiwa amevua kofia, na hakuna aliyempa ndoo.

Alasiri kisima kilikuwa tope. Wachimbaji wawili wa Nang'anda walishuka. Walikaa chini muda, na walipoita kamba, sote tulikimbilia kamba. Tulimpandisha ndani ya shuka, taratibu, safari hii bila kuambiwa vuteni. Mmoja wa wachimbaji alituambia jinsi walivyomkuta: miguu bado ilikuwa chini ya udongo ulioanguka, na mikono ilikuwa juu.

*

Yaliyofuata kiserikali nayamaliza upesi. Lipembwe ni kijiji sasa. Kiplefti kimeng'olewa kwa kuwa vijiji haviruhusiwi kuwa nacho. Niliiandikia Wizara kueleza kwamba habari ya fimbo niliitunga mimi na kwamba kitabu kirekebishwe. Nilijibiwa kwa heshima kwamba historia ikishapigwa chapa hairekebishwi, na kwamba mtoto wa shule ya mji mkuu aliyeimba shairi kuhusu Mtemi Lipembwe ameshapewa zawadi. Kitabu bado kinauzwa. Jina langu limo ukurasa wa kwanza, na lugha yake, nasema kwa aibu, ni safi.

Nilichotaka kuandika ni cha kule kilimani.

Jeneza tulilibeba sisi wa Lipembwe, Wanang'anda wakitembea nyuma mikono mitupu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika msiba wowote kati yetu. Kwenye kaburi hakuna aliyepiga ukelele. Tulizoea kuusubiri, na ulipokosekana tulisimama kama watu walioachwa na basi, hatujui tuondoke au tungoje.

Kesho yake asubuhi waliamka wakaanua tanga. Somoe alimkalisha mamake kwenye kigoda uani, akamimina mafuta ya nazi kiganjani, akampaka kichwani polepole, utosi mzima, na kikongwe alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa. Akavuliwa kaniki. Akafungwa kanga mpya, nyekundu, na akaendelea kuitazama, akiikunja na kuikunjua pindo.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua, mbele ya wafiwa wote, nimeshika ile ndoo ya kisimani mikononi. Hakuna aliyeniamuru. Mila ya Nang'anda haina jambo kama hilo. Ni ya shule yangu, na sikuwa na nyingine ya kutumia. Walipita mmoja mmoja wakaitazama ndoo, wakanitazama mimi, wakakaa.

Bibi Nantende alikuwa wa mwisho. Alishikwa mkono akaletwa mpaka mbele yangu.

"Wewe ni nani?"

"Gaudensi," nikasema. Jina la pili sikulitaja.

"Wa nani?"

"Mjukuu wa aliyeshika kamba, Bibi."

Akaichukua ndoo mikononi mwangu. Akaigeuza juu chini, ikadondosha mchanga kidogo. Akaiweka chini.

"Tumempokea mtu wetu," akasema. "Hatuwadai."